Safu ya Bibi Eulalia

Kila siku akitoka shuleni, Yaretzi alikula tortila, ule mkate mwembamba wa mahindi, yenye maharage akiwa wima, kisha akamsaidia mama yake, Maricruz, katika shule ya awali waliyoiendesha nyumbani kwao mjini Deming. Masomo yote yalikuwa kwenye lahajedwali, lile jedwali refu la kompyuta. Kila wiki ilikuwa na mstari wake: safu ya kwanza somo la Kiingereza, ya pili mchezo wa Kihispania wa somo hilohilo. Safu ya pili ilitungwa na bibi yake, Eulalia, aliyefundisha hapo hadi alipofariki Januari. Aliandika kwa mkato, kama mtu asiyetarajia kufa: “Makofi matatu, kisha nong’oneni.” “Zungukeni, wa mwisho abweke.”

Jumatatu moja mama alimwagiza aongeze wiki mpya. “Mstari mmoja tu, mwanangu. Kingine usiguse.”

Lakini Yaretzi alikuwa na kiherehere. Aliona safu ya bibi imekaa shaghalabaghala, akaipanga kwa alfabeti, hiyo peke yake, akahifadhi na kufunga. Alipofungua tena, aliona kosa lake. Kila mchezo ulikuwa umehama somo lake, na somo la mvua sasa lilikuwa na mchezo wa kubweka.

Mama alikuwa na nakala nzima kwenye flashi, nayo hubadilishwa kila Ijumaa. Yaretzi alilijua hilo fika. Angesema siku ileile, yangeisha. Alinyamaza. Ijumaa ikafika, mama akachomeka flashi, nakala mbovu ikafuta nzima, na binti amesimama hapohapo akitazama.

Jumatatu mama alifungua somo la mvua. “Nani kafanya hivi?”

“Labda kompyuta ina virusi,” Yaretzi alisema.

Mama aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, akalia kwa sauti mbele yao. “Kila Jumatatu nikifungua hapa nilikuwa namsikia mama yangu.”

Yaretzi hakustahimili. “Ni mimi, mama. Tangu Jumatatu iliyopita.”

“Na Ijumaa ukaniangalia tu?”

“Niliogopa.”

Mama alifuta machozi, akawageukia watoto.

Ndipo Ramiro, mtoto wa miaka mitano aliyefundishwa na bibi mwaka jana, akasema, “Mwalimu, mvua hatubweki! Mvua ni makofi!” Akapiga matatu, kisha akanong’ona. Wenzake wakamfuata.

Kwa wiki mbili Yaretzi alizunguka na daftari nyumba kwa nyumba, akiwauliza wote waliopita mikononi mwa bibi. Wengine walimcheka: “We mkubwa mzima, unataka tukufundishe kuruka kama chura?” Akaruka. Kati ya michezo thelathini na sita, ishirini na tisa ilirudi kwenye masomo yake.

“Na hii saba ambayo hakuna anayekumbuka ni ya somo gani, mama?”

“Hiyo bibi yako kaondoka nayo.” Mama alimvuta karibu. “Sikiliza, mwanangu. Kukosea hatukukatazi. Kosa lako lilikuwa la kufutwa kwa dakika moja. Kilichonivunja moyo ni zile siku ulizonyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku nyingine niletee kosa likiwa bado bichi, hata kama nitafoka.”

“Nitakuletea, mama.”

Wakaketi mbele ya ile mistari saba yenye masomo yasiyo na mchezo, wakalia pamoja.