Jina la Kale la Thruswell

Chai ya Clive Bagshaw ilianza kunuka tope siku ileile kijiji cha Thruswell kilipopamba kisima chake. Akaimwaga, akachemsha maji mengine, yakanuka vilevile.

"Mabomba hayo," mkewe Hilary akasema.

Hilary alikuwa bado amelewa sifa. Wanakijiji waliamini jina lao limetokana na ndege, na kila mwaka walimchora ndege huyo kwa petali za maua kwenye ubao wa udongo, wakausimamisha kisimani, kasisi akaubariki. Hilary, bingwa wa majina ya mahali, akagundua kuwa katika lugha ya mababu hapakuwa na ndege wowote. Palikuwa na thyrs, jini likaalo majini peke yake. Basi mwaka huu, badala ya ndege, akaliandika jina la kale la jini hilo kwa petali, herufi kubwa.

"Mama aliweka ndege, na bibi pia," Doreen, mpambaji mkongwe, alikuwa amemnong'oneza.

"Hawakujua, shoga."

"Au walijua. Humwandikii mwaliko usiyetaka aje."

Hilary akacheka. Kisomo nacho kina upofu wake.

Kesho yake ngazi za nyumba yao zililowa, kukanuka bwawa. Clive akaacha kula, akawa anakaa bafuni mchana kutwa.

"Toka, mpenzi," Hilary alimbembeleza mlangoni.

"Kuna mtu humu," Clive akajibu kwa sauti ndogo. "Amenishika mkono. Usiingie."

Hapo ndipo Hilary alipoogopa kweli, akakimbia kisimani, akang'oa petali kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu, na kila alipong'oa maji yalipanda kidogo, meusi, yakimfuata viatuni, naye akilia na kuomba radhi kwa lugha zote alizozijua, mpaka Doreen akaja na kasisi wakamshika mabega, wakarudi naye nyumbani.

Clive alikuwa amekaa jikoni, nywele zikichuruzika maji. Kasisi akasoma sala zake. Clive akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema maneno mazito ya lugha ile ya mababu, polepole, akimtazama mkewe.

Doreen akauliza kwa mnong'ono, "Anasemaje?"

Hilary peke yake alielewa.

"Anatushukuru kwa Clive," akasema. "Anauliza mwakani tutampa nani."