Mlango wa Mukaka

Ijumaa hiyo soko la Bwera lilikuwa limefurika watu wa pande zote mbili za mpaka, na mvua iliposhuka kutoka milimani kila mmoja alikimbilia alipoweza. Jeanine alikimbilia gari la Kule. Hakumjua Kule. Aliona tu basi dogo la kijani, kuukuu, mlango wake wa ubavuni ukiwa wazi, akajitupa ndani na furushi lake la vitenge, akauvuta mlango ukajifunga kwa kishindo.

Ndani alikuta kitanda, sinki, jiko la gesi, mapazia ya maua, na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, akimenya ndizi.

"Madam, umefanya nini?"

"Nimekimbia mvua, papa. Iko zambi?"

"Mlango huu unafunguka kwa nje tu."

Kabati la jikoni lilikuwa limeziba njia ya mbele, na kwenye madirisha hata paka angepita kwa shida. Wakakaa saa nzima mpaka muuza samaki mmoja aliposikia wakigonga kioo. Kufikia hapo Jeanine alikuwa amekula ndizi tatu za watu. Alikuwa pia amejua kwamba Wazungu wawili wazee walitoka kwao nalo wakilala humo njia nzima, wakamwachia Kule gari baada ya kuwaongoza mlimani. Kwamba yeye ndiye aliyelibatiza jina la Mukaka, yaani bibi kwa Lhukonzo, lugha ya kwao. Na kwamba sasa huwapeleka watalii mbugani.

"Na mukono ya mulango huku ndani, juu ya nini hautengenezi?"

"Mgeni wangu hafungui mlango. Mimi naruka, namufungulia."

"Eh! Basi mimi niko mugeni?"

"Wewe uko mgeni namba moja."

Ilikuwa adabu nzuri, na ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Walipendana haraka, siku za soko, mara mbili kwa wiki. Jeanine alikuwa amekimbia Butembo, ng'ambo ya mpaka, miaka miwili nyuma na kupokewa na Sosthène, mdogo wa baba yake, mwenye duka la vitenge Bwera. Alilala chumba cha nyuma, katikati ya marobota. Kila jioni baba mdogo alifunga duka kwa nje kwa kufuli, akaenda kwake na ufunguo. Ni kwa usalama, alisema, bila kufafanua kama ni usalama wa msichana au wa vitenge. Ndiyo maana Jeanine alimpenda Mukaka kama mtu. Alikaa kitandani, mlango wazi, milima mbele yake, na Kule akimwahidi watasafiri hadi Kabale, hadi Jinja, mpaka gari lenyewe liseme basi.

Kisha, Ijumaa moja, ikaja simu ya Kule.

"Chérie, kaa chini. Nimemaliza kila kitu."

"Kila kitu gani, mupenzi?"

"Baba yako mdogo amekubali! Mahari ni mbuzi kumi na mbili. Mzee Tsongo wa Munkunyu anazitoa, na yeye anachukua Mukaka. Jumatatu namupelekea."

"Atafanya nayo nini?"

"Atafugia kuku."

"Na wewe na papa mudogo mulizungumuza wapi?"

"Dukani, jana."

"Mimi nilikuwa chumba ya nyuma. Hatua tano, Kule."

Simu ikakatika. Kule akapiga tena, na tena. Siku tatu hakujibiwa. Aliamini kabisa kwamba Jeanine analilia gari. Huyu ni kijana anayeweza kumwona chui kichakani kutoka mbali hata watalii wakadhani anawadanganya.

Jumatatu akafika Munkunyu na Mukaka. Mzee Tsongo, na mabuti yake ya mpira, alipanda mlima kuleta mbuzi. Mara pikipiki ikasimama uani, Jeanine akashuka, kitenge cha njano, kilemba cha njano, macho mekundu. Hakusalimia. Aliingia ndani ya Mukaka, akajifungia.

Kule akampigia simu huku akimtazama kupitia kioo.

"Toka, chérie, tuongee."

"Nitatoka namna gani? Ni wewe njo uko inje."

Akafungua, akaingia. "Funga," Jeanine akasema, naye akafunga bila kufikiri.

Jeanine alikuwa akilifuta sinki kwa ncha ya kitenge chake. Akayanyoosha mapazia, moja moja. "Kwaheri, Mukaka. Wewe njo ulinisitiri."

"Nitatafuta gari ingine, naapa."

"Siko nalilia gari! Kule, siku gani uliniuliza kama nataka unioe?"

Kule akatafuta kichwani. Alikuwa amemuuliza baba mdogo, padri, kaka zake wote, hata fundi wa gari.

"Nilijua utakubali," akasema polepole.

"Papa mudogo naye anajua nitakubali, njo maana anafunga kufuli. Munahesabu mbuzi kumi na mbili. Mimi niko ya kumi na tatu."

Aibu ilimshika Kule mpaka machozi yakamtoka. Alitaka kutoka, amkimbilie Tsongo kuvunja mapatano. Akanyoosha mkono mlangoni, akapapasa bati tupu. Tangu siku ile ya mvua Bwera hakuwahi tena kukaa upande ule na kuhitaji kutoka. Joto likapanda. Wakakaa kitandani bila kugusana, wakisubiri mtu wa nje.

Hatimaye mbuzi wakasikika, na Tsongo akaufungua mlango. Jeanine akashuka wa kwanza, akageuka, akaufunga. Kule akabaki ndani.

"Ngoja kidogo, mzee," akamwambia Tsongo, mkono wake ukiwa kwenye kishikio. "Kule! Sasa uliza."

Kule akaweka paji la uso kwenye kioo. "Jeanine, unataka nikuoe?"

"Na nikikataa?"

"Mbuzi zitabaki hapa, na Mukaka itakupeleka unapotaka. Kabale. Jinja. Peke yako, ukitaka."

Alimwacha angoje. Mbuzi wakala maua ya mke wa Tsongo, Tsongo akakohoa, na Jeanine bado alikuwa akimtazama mwanamume aliyempenda akitoka jasho nyuma ya kioo. Kisha akafungua.

"Nataka," akasema. "Lakini nyumba yetu, mulango ifunguke na kwa ndani."

Kule alimkumbatia mbele ya mbuzi wote. Walipoanza kuondoka na mbuzi, Jeanine alirudi, akampapasa Mukaka ubavuni, akausukuma mlango mpaka mwisho wake.

"Funga, mama, mvua inakuja," Tsongo akasema.

"Hapana, mzee," Jeanine akajibu, akauacha wazi.