Karafuu za Mardhiya na Mawingu ya Vuli

Msimu wa karafuu Mardhiya hana muda wa kukaa. Anazichambua karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, anatandika majamvi uwanjani, anaanika. Marehemu mama yake alikuwa fundi wa kuanika hapa Mtambwe, Pemba, na kazi hiyo Mardhiya anaijua. Tena anajua kwamba anaijua, na hafichi.

Lakini msimu huu kazi ilimkataa. Karafuu zake zilitoka nyeupenyeupe, zimesinyaa. Kwenye kituo cha kuuzia karafuu zikawekwa daraja la chini. Mumewe, Kificho, aliona haya kuzipeleka tena.

"Mamake Yumna," alisema, "mchumo uliobaki tumpelekee wifi yako Rahila. Aanike yeye."

Maneno hayo yalimkata maini Mardhiya. Mtoto wa fundi, karafuu zake zikaanikwe kwa wifi.

"Niachie mie mchumo mmoja tu," alijibu. "Zikiharibika na hizi, mpelekee Rahila zote zinazofuata. Sitasema neno."

Kesho yake alipita jirani yao, Conchesta. Yeye ni mtu wa Bukoba, na kazi yake ni kupima mvua na upepo katika kituo cha hali ya hewa. Alimkuta Mardhiya anaanua mbiombio, na jua linawaka.

"Bi Mardhiya, mbona unaanua mapema hivi?"

"Huyaoni mawingu yano? Na redio imesema mvua. Niliposikia tu mvua nikaizima, nikaja mbio."

Conchesta akatazama juu. Kisha akainua turubai barazani. Chini yake zilirundikwa karafuu za jana. Alipoingiza mkono, zilikuwa za moto na zimetoa jasho.

"Jirani, mvua haijakuharibia kitu," alisema. "Kinachoziharibu ni kuzirundika. Karafuu mbichi ikirundikwa inapata joto, inavunda, inakuwa nyeupe. Zitandaze ndani, nyembamba, zipate hewa."

Mardhiya alizipapasa mwenyewe karafuu zile. Kila wingu lilipopita alikimbilia kuziokoa karafuu zake, kumbe ndivyo anavyoziharibu. Iliuma.

"Sasa nitajuaje wingu la kulikimbia?"

"Mawingu si mamoja. Yale ya juu sana, membamba kama nyuzi za sufi, huitwa sirasi. Hayo yenyewe hayanyeshi. Haya uliyoyakimbia leo ni kumulasi, mawingu ya pamba. Yakiwa madogo na yametawanyika, anika. Lakini likianza moja kupanda juu kama mlima, na tumbo likawa jeusi, hilo ni kumulonimbasi. Lina radi na mvua kubwa. Hapo anua."

"Na yale ya kijivu yanayofunika mbingu yote?"

"Stratasi. Huleta manyunyu. Siku hiyo jua hakuna, usihangaike kuanika."

"Na redio?"

"Isikilize mpaka mwisho. Ikisema mvua katika baadhi ya maeneo, huenda ikanyesha Wete na hapa pakawa pakavu. Sikiliza pia ni asubuhi au mchana. Redio inakwambia ukae tayari. Ukishakaa tayari, tazama juu."

"Na siku zote unapita hapa, hunambii," alisema Mardhiya.

"Uliniuliza?"

Wakacheka wote wawili.

Siku ya kuanika mchumo alioachiwa, Mardhiya alisikiliza redio mpaka mwisho. Ilisema mvua itanyesha mchana, katika baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba. Akaanika mapema. Juu palikuwa na vipamba vidogo tu.

Kificho alitoka, akatazama mbingu, akakunja uso.

"Anua, mamake Yumna. Rahila kashaanua."

"Rahila kaliacha jua bure. Ngoja."

Kificho akasimama pembeni ya majamvi, hana raha. Adhuhuri ikapita. Ndipo upande wa kisiwa cha Fundo wingu moja likaanza kupanda. Likapanda na kupanda, kichwa cheupe, tumbo jeusi. Upepo wa baridi ukatikisa migomba.

"Sasa," alisema Mardhiya.

Wakashika majamvi, huyu huku na huyu kule. Walizitandaza karafuu chumbani na ukumbini, nyembamba, mpaka kitanda kikasogezwa ukutani. Walipomaliza, mvua ikapiga bati hata hawakusikizana. Hakuna karafuu iliyolowa.

Asubuhi jua lilipotoka, zikarudi uwanjani. Baada ya siku kadhaa zilikauka vizuri, rangi ya kahawia iliyoiva, vichwa vyake vizima. Kituoni mkaguzi alichukua moja akaivunja. Ikalia kwa kukauka.

"Daraja la kwanza," alisema. "Kaanika nani hizi?"

"Mke wangu," alijibu Kificho, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni.

Jioni mtu alipiga hodi. Alikuwa Rahila.

"Wifi," alisema, "kesho nianike, ama niache?"

Mardhiya aliionja kwanza raha ya kuulizwa. Kisha akamsogezea kiti, akafungua redio.

"Kaa kitako, wifi, tusikilize," alisema. "Na usinyanyuke mpaka mtangazaji amalize."