Tumbo la Yunusi Lililonyamaza

Kitu cha kwanza nilichogundua naona haya kukitaja: mdogo wangu Yunusi hakujamba. Kila asubuhi tukiokota korosho shambani kwetu Kitangari, yeye huinama, hutoa mlio, kisha husema, "Pisheni, lori la Mtwara hilo!" Asubuhi ile aliinama mara nyingi, na lori halikupita. Alikuwa ameshika tumbo.

Mchana alitapika. Jioni akatapika tena, safari hii maji ya kijani, na tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma. Mama akamwita kaka yake, Mjomba Awadhi. Kwetu neno la mjomba ndilo linaloamua mambo ya watoto wa dada yake. Ni yeye aliyeamua niache shule darasa la tano ili nichote maji, Mama alipovunjika mguu.

Alikuja na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Sijawahi kumwona akiandika. Aliwahi kufagia zahanati kwa miezi minne, na tangu hapo hujiita mtu wa afya.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa pembeni, usinizibie mwanga." Akambonyeza Yunusi kwa kidole kimoja, kama mtu anayechagua papai sokoni. "Amefunga choo tu huyu. Nina dawa ya kuharisha, kesho atakimbia."

"Mjomba," nikasema kwa sauti ndogo, "tangu asubuhi hata upepo..."

"Upepo gani? Mama Nuria, msikie binti yako! La tano limemshinda, leo anataka udaktari!"

Mama alicheka kidogo, kwa adabu. Nikatoka nje. Nyuma ya jiko kulikuwa na mkeka wa kochoko, yale mabibo tunayoyakausha juani ili tuyauze. Upande mmoja wa mkeka ulikuwa mtupu. Niliutazama, nikanyamaza.

Dawa ile ilimfanya Yunusi apige kelele mpaka majirani wakaja. Mjomba akawaambia kwamba hiyo ni ishara ya dawa kufanya kazi. Kesho yake mtoto hakuweza kusimama. Hospitali ya karibu walimpiga picha, wakaona utumbo umeziba, wakatupatia gari la wagonjwa, Mama, Mjomba nami tukaenda na Yunusi mpaka hospitali kubwa upande wa Masasi. Njia nzima Mjomba alimfundisha muuguzi namna ya kushika dripu.

Tulipokelewa na Daktari Winfrida, mama mrefu mwenye maneno machache. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Alitoa upepo lini mara ya mwisho?"

Mjomba akacheka. "Daktari, mtoto anakufa, wewe unauliza ushuzi?"

"Ndiyo, nauliza ushuzi. Ushuzi ukikoma, huenda njia imeziba."

Moyoni nilifurahi kuliko inavyofaa.

Yunusi alilazwa kwenye kitanda kinachoingia katikati ya mashine yenye umbo la pete kubwa. Wanaiita CT scan. Baadaye daktari alituita kando ya kitanda cha Yunusi tutazame picha.

"Mashine hii hutuonyesha tumbo kipande kwa kipande," alisema, "kama muhogo uliokatwa, lakini mtoto hakatwi. Huku juu utumbo mwembamba umevimba, umejaa maji. Huku chini umesinyaa. Hapa katikati pana bonge lenye vitundu vya hewa, kama sponji. Damu bado inafika kwenye utumbo, ila tukichelewa utaoza. Alikula nini?"

"Ugali na mboga," alisema Mjomba. "Hao ni minyoo. Mpe dawa ya minyoo turudi nyumbani."

"Minyoo huonekana kama kamba. Hizi si kamba. Yunusi, ulikula nini?"

"Ugali," alisema Yunusi, akageukia ukutani.

"Daktari wa upasuaji anahitaji kujua anakwenda kukutana na nini. Hakuna anayejua?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. "Kochoko," nikasema.

"Nani kakuuliza wewe?" alifoka Mjomba.

"Mimi nimeuliza. Endelea, dada."

"Alikula robo ya mkeka. Alimeza bila kutafuna, asikutwe mdomo umejaa. Na hakunywa maji. Kwenye pipa yalibaki ya ndoo moja, Mama angesikia kata ikigonga chini."

Yunusi akaanza kulia, nasi tukajua kwamba ni kweli.

Walimpasua mchana uleule. Bonge la kochoko lilikuwa palepale picha ilipoonyesha. Walilisukuma kwa vidole, taratibu, mpaka kwenye utumbo mpana, bila kuukata utumbo.

Siku ya tatu mlio ulisikika wodini. "Lori," alinong'ona Yunusi. Watu wote walicheka isipokuwa Mjomba.

Daktari Winfrida alisimama mbele yetu. "Yunusi, uliiba, kisha ukaficha wizi. Kuficha ndiko kulikokaribia kukuua. Nawe mzee, kumpa dawa ya kuharisha mtu aliyeziba utumbo ni kama kuongeza mwendo wa gari wakati mti umeanguka barabarani. Tumbo likivimba, mtoto akitapika kijani na asitoe upepo, mleteni hospitali. Mashine ilituonyesha mahali palipoziba. Aliyejua palizibwa na nini ni huyu binti, na hamkutaka kumsikiliza. Usimdharau mtu mpaka umemsikia."

Mjomba alitoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Jioni nilikuwa nafua shuka na Mama. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ulitaka kusema, tukakuzima."

Ningeweza kulipokea ombi lile na kunyamaza. Kunyamaza nakujua sana.

"Mama, nilitaka kusema habari ya upepo tu. Kochoko nilimwona akila, nikaficha makusudi. Nilitaka Mjomba akosee, watu wote wamwone."