Tone Chini ya Pikapu

To... to... to.

Goodness alilisikia tone kabla jogoo hajawika. Dirisha la chumba chake lilitazama pale mama yake alipozoea kuegesha pikapu, na chini ya injini palikuwa na karai. Tone likidondoka, karai likaitika. Kisha ukasikika mlango, na kandambili za mama zikiburuta mchangani.

Mama Rozalia aliinua karai, akayarudisha maji kwenye rejeta, akaongeza na mengine kutoka kwenye dumu. Maji ya dumu aliyachota mferejini, yale yale yanayokwenda kwenye majaruba ya mpunga, yenye rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, umelala kweli?" Goodness aliuliza kutoka dirishani.

"Nimelala, mwanangu. Kimang'amung'amu, jicho moja wazi."

Pale Ubaruku kila mtu aliijua pikapu ile. Ilikuwa kongwe, imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia Mama Rozalia, na kila aliyeiuza aliiuza na ugonjwa wake. Baba yake Goodness alifanya kazi Chunya, akirudi nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo mama ndiye aliyepakia mchele mashineni na kuupeleka Iringa, mtaa wa Kihesa, kwenye duka la Bi Shaista. Njiani injini ilichemsha, naye akasimama kila mlima kuipoza.

"Nalipepea gari kama mgonjwa wa homa," alisema usiku, huku akivua viatu. Mara nyingi usingizi ulimchukua tonge likiwa bado mkononi. Goodness alilitoa tonge lile taratibu, akamfunika mama yake kitenge.

Alhamisi, shuleni, alimsimulia Lutengano, mwenzake wa dawati moja.

"Hilo tu ndilo linakunyima raha?" Lutengano alicheka. "Weka pumba! Mjomba wangu alimwona dereva mmoja akifanya hivyo pale mashineni. Unazimwaga kwenye rejeta, zinakwenda zenyewe kuziba tundu."

"Pumba hizi hizi za kuku?"

"Kwani gari litajuaje ni za kuku?"

Pumba za mpunga Ubaruku hazitafutwi. Zimelala vichuguu nyuma ya kila mashine. Jioni ile mama aliposinzia kwenye mkeka, na pikapu ilipokuwa imeshapoa kabisa, Goodness alifungua mfuniko wa rejeta. Akamimina konzi moja. Akafikiri kidogo, akaongeza nyingine.

Ijumaa mama alishinda akibeba mpunga kutoka mashambani, njia tambarare tupu. Jioni karai lilikaa kimya. Mama alichuchumaa, akapitisha kiganja ndani yake.

"Kavu! Mungu ni mwema. Limepona lenyewe!"

Akacheka kwa sauti. Goodness hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko kile. Alifungua kinywa aseme, kisha akakifunga. Angeanzaje kukikata?

Jumamosi hakukuwa na shule, hivyo waliondoka pamoja, magunia ya mchele yamejaa nyuma. Walipopita Igawa na barabara kuanza kupanda kuelekea Makambako, mama aliacha kuimba. Mshale wa joto ulikuwa umeinuka. Ukazidi kuinuka. Ghafla mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti, na pikapu ikatetemeka, ikasimama.

Mama aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Hilo lilimwogopesha Goodness kuliko ule mvuke.

Dereva mmoja wa lori aliwahurumia, akawavuta kwa kamba hadi Igawa, kwenye gereji ya Fundi Sedekia. Fundi alikuwa akila muhindi wa kuchoma.

"Shikamoo, Fundi," alisema Goodness.

"Marahaba, binti. Naona mmekuja na jiko, siyo gari." Mama hakucheka. Fundi akauweka muhindi kando. "Pole, Mama. Tungoje lipoe. Mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi. Maji yatakurukia usoni yakuchune ngozi."

Lilipopoa, alivuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitazama juani. Oili haikuwa na weupe wa kuchanganyika na maji. Akalala chini ya injini na tochi, akatoka akijikuna kisogo.

"Lilikuwa linavuja?"

"Lilikuwa linavuja sana. Lakini tangu jana halitoi hata tone," mama alijibu.

"Nani alilitengeneza?"

"Hakuna. Limeacha lenyewe."

"Gari halina tabia hiyo, Mama. Halivuji, na bado linachemsha? Naogopa gasketi ya ndani, ile inayozuia maji yasiingie kwenye moto wa injini, imeungua. Itabidi nifungue injini juu. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa."

Mama aliketi juu ya tairi chakavu. Alimpigia Bi Shaista simu, akamweleza. Goodness alikuwa karibu, akaisikia sauti ya upande wa pili: "Rozalia, wateja wangu hawawezi kungoja. Usipofika leo, nitachukua kwa mwingine, na huyo mwingine hatakubali kunipa mara moja tu."

"Nimekuelewa, dada," mama alisema. Simu ikashuka mapajani mwake. Fundi alikuwa ameshachagua spana na kuishikiza kwenye nati ya kwanza.

Goodness alisogea hadi kwenye injini.

"Fundi, subiri kwanza." Spana ikasimama. "Mama, halikupona lenyewe. Mimi niliweka pumba ndani ya rejeta."

Fundi Sedekia akaishusha spana polepole.

"Pumba za mpunga?"

"Ndiyo. Nilitaka mama alale."

Fundi alimtazama mama, mama akatazama chini. Kisha fundi akaifungua rejeta, akaitoa nje, akaingiza mpira wa maji tundu la chini. Maji yakapanda, na juu ukatoka uji mzito wa kahawia wenye pumba na tope.

"Huu ndio ugonjwa," alisema. "Ndani ya rejeta kuna vijia vyembamba. Maji ya moto yanapita humo, upepo unayapoza, yanarudi kwenye injini. Pumba zimeziba tundu, kweli, lakini zimeziba na hivyo vijia. Kwenye tambarare injini ilivumilia. Mlimani ikashindwa."

Aliendelea kusafisha hadi maji yakatoka meupe. Kisha akaupinda mpira wa chini wa rejeta, ukaonekana ufa mdogo pale ulipobanwa. "Na tone lenu lilitokea hapa. Mpira tu!" Akafunga mwingine, akajaza maji maalumu ya rejeta, akaiacha injini ingurume muda mrefu. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo.

Mama alimwita Goodness, akamkalisha kando yake juu ya tairi.

"Umenikasirikia, Mama?"

"Nimechoka, mwanangu. Ukichoka sana, hata hasira huna pa kuitoa." Akaushika mkono wake. "Lile tone lilikuwa linatuita. Mimi nililijibu kwa maji ya mfereji, kila siku nikijiambia kesho nitakwenda kwa fundi. Wewe ukalifunga mdomo. Wote wawili tulitaka kunyamaza kwake, hatukutaka kupona kwake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini leo umesema, na umesema kabla injini haijafumuliwa bure. Siku nyingine ukiniona nimechoka, niambie. Ukikosea, niambie mapema zaidi. Kicheko changu kisikuzuie."

"Nitakuambia, Mama."

"Basi panda. Bi Shaista hajafunga duka."

Waliupanda mlima bila kusimama. Makambako ilipita, Mafinga ikapita, na Kihesa wakafika taa za maduka zikianza kuwaka. Bi Shaista alikuwa bado mlangoni, mikono kiunoni; alipowaona, akawaonyesha pa kushusha magunia.

Waliporejea Ubaruku, mama hakuliweka tena karai. Alitandaza boksi lililokunjuliwa chini ya injini, kama fundi alivyowaelekeza, ili tone likianguka liache alama.

Alfajiri kulikuwa kimya. Goodness hakuuamini ukimya ule. Alitoka na tochi, akalivuta boksi, akalipapasa kila pembe, akaligeuza na upande wa pili. Kandambili za mama hazikusikika. Ndani, mama alikuwa bado anakoroma. Goodness alingoja hadi alipomsikia akijigeuza kitandani, ndipo akasema kwa sauti dirishani:

"Mama, boksi ni kavu, nimelitazama mwenyewe."