Nani Atapanda Bembea Kwanza?

Kila asubuhi ya likizo, Munyiva alikuwa na kazi yake katika karakana ya babu yake huko Riruta. Alifagia, akapanga vyuma, kisha akachukua nyundo ndogo. Babu Ndambuki alipochomelea vyuma viwili vikashikana, kiungo kilibaki kimefunikwa na ganda jeusi. Munyiva aligonga ganda hilo likabanduka, akakagua kiungo, na akiona tundu au ufa alimwita babu arudie. Macho ya babu yalikuwa yamezeeka, lakini ya Munyiva, msichana wa miaka kumi na miwili, hayakupitwa na kitu.

Babu alikuwa baharia. Si baharia wa kuvua samaki, la! Alikuwa mwanajeshi wa majini, fundi wa kuchomelea katika manowari kule Mombasa, kabla ya kustaafu na kuja Nairobi. Kofia yake nyeupe bado ilining'inia msumarini, na ole wake aliyeigusa kwa mikono yenye grisi.

Kutoka jeshini alikuja na desturi moja iliyomfanya ajulikane hadi Dagoretti Corner. Hakukabidhi kazi kabla ya kuijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Akitengeneza ngazi, aliipanda. Akitengeneza lango, alining'inia juu yake kama mtoto mtundu. Siku moja alijaribu kitanda cha chuma, akapitiwa na usingizi, na mwenye kitanda akaja akamkuta anakoroma.

"Mzee wangu huyu!" Nyanya Nakhumicha, mkewe, alicheka kila alipokisimulia kisa hicho. "Siku akiambiwa atengeneze jeneza, tutafanyaje?"

Likizo hiyo walipata kazi iliyomfurahisha Munyiva kuliko zote: bembea ya shule ya chekechea huko Kinoo. Nguzo zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Lililobaki karakanani ni bomba refu la juu, lenye pete za chuma za kufungia minyororo. Bembea ingefunguliwa Jumamosi mbele ya wazazi.

Ijumaa, babu alijiandaa kwenda Kinoo kupaka nguzo rangi.

"Munyiva, hili bomba nakuachia wewe," alisema. "Gonga, kagua, halafu ulipake rangi wewe mwenyewe."

Munyiva aliruka juu kwa furaha. Hakuwa amewahi kuachiwa brashi hata siku moja! "Rangi gani, Babu?"

"Yoyote unayoitaka."

"Manjano!"

Babu alipoondoka tu, Munyiva alianza kugonga. Pete ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili, safi. Kwenye pete ya tatu aliona ufa, mwembamba kama unywele. Ilimpasa amsubiri babu. Lakini babu angerudi jioni, na rangi isingekauka kufikia kesho.

Hapo rafiki yake Valarie akachungulia langoni. "Niaje, Munyiva! Si ulituambia leo wewe ndio fundi wa rangi? Ama umefutwa kazi?"

"Nani amefutwa? Ngoja uone!" Munyiva alijibu, akafungua mkebe. "Labda ni mkwaruzo tu," alijiambia moyoni. Akaupaka ule ufa rangi nzito, mara mbili, mpaka usionekane tena.

Babu aliporudi alilitazama bomba lililong'aa, akatabasamu. "Viungo vyote viko sawa?"

"Viko sawa, Babu," Munyiva alijibu, macho yake yakiwa kwenye brashi.

Jumamosi, uwanja wa shule ulijaa. Watoto wa chekechea walipiga makofi na kurukaruka nyuma ya kamba, kila mmoja akidai kuwa zamu ya kwanza ni yake. Babu alikaza bolti za mwisho, akavaa kofia yake nyeupe, akasimama wima.

"Kazi ya mkono wangu hujaribiwa kwanza na watu wa nyumbani kwangu," alisema kwa sauti. "Lakini hii ni ya watoto, kwa hivyo leo sitakaa mimi. Mumo! Njoo, mjukuu wangu."

Mumo, mdogo wake Munyiva, alichomoka mbio huku akicheka, moja kwa moja hadi kwenye kiti ambacho mnyororo wake mmoja ulifungwa kwenye pete ya tatu. Munyiva alitaka kunyamaza. Watu wote hawa! Valarie naye yuko pale! Lakini Mumo alikuwa amekwisha kushika mnyororo.

"Mumo, ngoja!" alipiga kelele, akakimbia akamvuta shati. "Babu, asipande! Pete hiyo ina ufa. Niliuona jana, nikaufunika kwa rangi."

Babu alichukua gunia la mchanga uliobaki kwenye ujenzi wa nguzo, akalifunga kwenye kiti cha bembea, akalisukuma. Likaenda, likarudi. Akalisukuma tena kwa nguvu. Kwach! Pete ilikatika, gunia likaanguka na kupasuka. Akina mama walipiga ukemi, na Nyanya Nakhumicha akamkumbatia Mumo. Munyiva aliangua kilio.

"Usipoziba ufa..." Mwalimu Phoebe, mkuu wa shule, alianza.

"Utajenga ukuta!" watoto waliitikia.

"Na ukiupaka rangi je?" babu aliuliza.

Alimgeukia Munyiva. "Kiungo kibovu ni changu mimi. Hata fundi hodari hukosea, ndiyo maana nikakupa nyundo. Kosa lako ni kuficha. Unajua kule jeshini tulifanyaje? Nikiziba tundu sakafuni mwa manowari, mkubwa wangu aliniamuru nikakae palepale meli ikitoka bandarini. Siku ya kwanza nilitetemeka! Toka siku hiyo sijaficha ufa. Haya, futa machozi. Leta nyundo."

Babu hakuwahi kwenda kazini bila mashine yake ya kuchomelea. Bomba lilishushwa, watoto wakasogezwa mbali wasitazame ule mwanga mkali, na cheche zikaruka. Kisha Munyiva akagonga, akainama, akatazama. Kila mtu alimngoja. Mumo alikuwa karibu kulia kwa hamu.

"Bado, Babu," alisema. "Kuna tundu hapa."

"Wee!" Nyanya aliita. "Fundi amepata mwalimu wake!"

Watu wakacheka, na babu akacheka kuliko wote. Alirudia. Munyiva akagonga tena, akapitisha kidole kuzunguka pete iliyopoa, akatazama juu na chini.

"Sasa iko sawa, Babu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Bomba likapandishwa, na gunia jipya la mchanga likasukumwa mpaka babu akachoka. Pete haikutikisika. Mumo alikimbia tena, lakini babu akamzuia.

"Leo aliyekagua ndiye atakayepanda kwanza," alisema. "Munyiva, kaa."

Munyiva aliketi, akashika minyororo. Babu alimsukuma taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka akaona mabati ya Kinoo yakimeta chini ya jua. Watoto wakashangilia, na Munyiva akacheka kwa sauti.

"Mjukuu wangu," babu alimwambia aliporudi karibu, "ukisema kazi iko sawa, sema neno ambalo wewe mwenyewe unaweza kulikalia."

Kisha akaisimamisha bembea, kwa maana foleni ya watoto ilikuwa imefika langoni, na Mumo alikuwa mbele kabisa.