Mjane Mwenye Mume

Soko la mkaa lilikuwa limefurika, na katikati ya magunia na masizi alisimama msichana aliyevaa viatu vyeupe. Mtu wa kwenda soko la mkaa na viatu vyeupe ni wa kuombewa. Juu alivaa kizibao cha kijani kilichoandikwa mgongoni PUNGUZA UMASKINI, OKOA MISITU. Mkono mmoja ulishika kamera, mwingine umekumbatia jiko jipya la udongo, lile linalokula mkaa kidogo. Watu walimkwepa kama wanavyokwepa dimbwi.

"Dada, unauza jiko, au umefukuzwa nalo kwenu?"

Aligeuka. Nyuma yake alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, bisibisi mfukoni, macho hayana haya hata kidogo. Alikuwa fundi wa viyoyozi.

"Natafuta mama wa kumpiga picha na jiko hili."

"Soko zima hili umekosa mama?"

"Wanasema niwalipe kwanza."

"Wana akili. Kwani wewe unalipwa?"

 Msichana alikuwa mwanagenzi wa shirika moja la kimataifa, yaani mtu anayefanya kazi ya watu watatu kwa nauli na ahadi. Shirika lenyewe lilikuwa na imani moja: maskini anakata miti kwa sababu ni maskini, na ni maskini kwa sababu anakata miti, basi mpe jiko, mpige picha, dunia itapona. Kwa hekima hiyo wakubwa wake walikuwa wamejenga nyumba za ghorofa.

"Basi njoo kwa mama yangu," fundi akasema. "Ana uso wa picha. Ila akicheka utaona pengo, na hapendi lionekane."

Mama muuza mkaa alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akalipokea jiko, akaligeuza. "Zuri, mwanangu, ila dogo. Baba yake huyu anataka chai kila saa. Litachoka kabla yake."

"Mama, tafadhali usicheke. Ofisini wanataka sura ya huzuni kidogo."

"Huzuni ya nini, na mimi sina msiba?"

Hata hivyo alikaza uso, akamsaidia mtoto wa watu. Fundi alisindikiza viatu vyeupe, ambavyo sasa vilikuwa vya kijivu, hadi barabarani, na hakuondoka bila namba ya simu.

Jioni ileile ikaita.

"Mtaalamu wa moshi, hujambo?"

"Sijambo, bwana wa baridi. Mbona mapema hivyo? Wenzako hujivunga."

"Wenzangu hawajaona miguu yenye masizi ikitembea kwa maringo."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Yeye akawa Moshi, fundi akawa Baridi, na kwa miezi kadhaa simu zao zilipata joto kuliko jiko. Walikutana mchana kwenye kibaraza cha duka la vipuri, wakagawana soda moja, wakacheka vitu visivyochekesha. Walipendana, na hilo hata mimi sina la kulibeza.

La kubeza lilikuwa ofisini. Pale alikuwapo Mratibu wa mradi, bwana mwenye suti ya kitani na miwani iliyokaa kichwani kuliko machoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta hadithi za kuwaliza wafadhili. Alisoma hadithi ya mwanagenzi kuhusu mama muuza mkaa, akaguna.

"Ana mume? Mume wa nini sasa? Mfadhili hamlilii mwanamke mwenye mume. Andika mjane."

"Lakini mume yupo, bosi. Anakunywa chai."

"Binti, nafasi ya kudumu iko mezani kwangu hapa. Unaitaka au nimpe mwenzako?"

Aliitaka. Mama yake alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni mkubwa kwenye shirika la nje. Basi akamuua mzee wa watu kwa vidole viwili, akahifadhi, akaenda kula. Kwa Baridi hakusema neno. Alijidanganya kwamba ripoti zile husomwa ng'ambo tu, na huko nani anamjua nani.

Lakini Mratibu hakuridhika na ng'ambo. Siku chache baadaye, kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, likapanda bango refu kama nyumba. Mama muuza mkaa alikuwa pale juu, amekaza uso, amekumbatia jiko, na chini yake: MUME ALIFARIKI, JIKO LIKAMPA TUMAINI.

Simu ikaita mchana.

"Baridi wangu, umekula?"

"Baba amepokea rambirambi kwenye simu yake mwenyewe. Shangazi yuko njiani, analia ndani ya basi. Sokoni wanamwuliza mama alizika lini kimyakimya hivyo. Nani aliandika?"

"Mratibu alibadilisha."

"Wewe ulijua?"

"Baridi, nisikilize kwanza."

"Moshi, ulijua?"

"Nilijua. Mimi ndiye niliyeandika. Waliniahidi kazi."

"Nilikushika mkono nikakupeleka kwa mama yangu," fundi akasema taratibu. "Mimi mwenyewe." Akakata simu, na hakuipokea tena.

Msichana alipiga mpaka salio likaisha. Kana kwamba haitoshi, Mratibu akamwita tena. Wafadhili walikuwa wanakuja, kutakuwa na mkutano hotelini, na mjane lazima apande jukwaani atoe ushuhuda. Akamkabidhi gauni jeusi. "Mpelekee. Hakikisha analivaa."

Alifika nyumba ya akina Baridi na gauni ndani ya mfuko. Mzee alikuwa sebuleni, kikombe mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Maiti ameitika."

Msichana alipiga magoti akaanza kulia. Alisema yote, la kazi, la gauni, la mapenzi pia, kwa kuwa aliyekwisha kuvuliwa nguo huchutama tu. Mama alisimama mlangoni akisikiliza.

"Machozi yako yapeleke kwingine," mzee akasema. "Nimekusikia. Nitakusamehe, ila nifufue palepale uliponizika. Mbele ya hao waliokula kwenye matanga yangu."

Akajua maana yake. Ajira au mzee, na pamoja na mzee, Baridi.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya kugandisha mate. Watu waliokuja kuongea habari za mazingira walikunywa maji ya chupa za plastiki, chupa moja kwa kila mmoja na nyingine ya akiba, huku magari yao yakinguruma nje ili madereva wasipate joto. Mama aliingia na gauni la maua mekundu. Mratibu akatoa macho. Mwanagenzi akashika kipaza sauti kabla hajazuiwa.

"Huyu mama si mjane. Mume wake ni yule pale nyuma, mwenye kikombe. Nimeandika uongo kwa sababu nilitaka kazi hapa. Namwomba radhi mama, namwomba radhi baba."

Mzee alisimama, akainua kikombe, akaketi.

 Mratibu, ambaye haya ilimkimbia zamani, akatwaa kipaza sauti. "Mnaona, ndugu zangu, jinsi mradi wetu unavyounganisha familia." Wakampigia makofi. Alipompita msichana alinong'ona: "Usirudi ofisini." Msichana akavua kizibao, akakitundika kwenye kiti.

Baridi alikuwa nje, ameegemea ukuta. Alikuwa amemleta baba yake, na alisikia yote kupitia mlango.

"Wamekufukuza?"

"Kabla makofi hayajaisha."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Sikuwa nayo. Nilikuwa na ahadi."

"Mimi bado nina hasira, Moshi."

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu. Nataka uwe karibu uione inavyopungua." Akatazama pembeni. "Nitamtuma baba kwenu. Utanikubali?"

"Kwetu watashtuka, wanajua amekufa."

"Jibu."

"Nitakukubali, Baridi. Nilikubali siku ile ya masizi."

Bango halikuwahi kung'olewa. Watu wale wanajua kupandisha, kushusha si kazi yao. Siku ya harusi msafara ulipita pale kwenye mzunguko, na mzee akaamuru gari lisimame. Akashuka na suti yake, akajipanga na mkewe chini kabisa ya kifo chake, na bibi harusi akatoa kamera. Mama alimtazama mumewe, akacheka mpaka pengo lote likaonekana, na safari hii hakuna aliyemwambia akaze uso.